Sura ya Saba: Kabla ya Kupiga Windows

Kwenye barabara zinazopanda kilima cha Rebero, kusini mwa Kigali, biashara ndogo yenye foleni isiyokatika ni papeteri. Ni chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi, printa, kompyuta moja au mbili, na benchi la wanaosubiri. Hapo mtu hutolewa nakala ya kitambulisho, huchapiwa barua ya kuomba kazi, hutuma faili kwa WhatsApp likatoka kwenye karatasi, na hujaziwa maombi yake kwenye Irembo, jukwaa ambalo Wanyarwanda wamelitumia tangu 2015 kuomba huduma za serikali kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi pasipoti. Karibu kazi zote hizo hupitia programu moja tu, kivinjari. Kikijifunga chenyewe katikati ya fomu, benchi zima linasubiri.

Ndiyo maana sura hii nimeiweka Rebero. Anayesoma habari nyumbani, kivinjari kikijifunga, atanung'unika kidogo na kukifungua tena. Kwa mwenye papeteri hiyo ni riziki inayokatika, na mbele yake amekaa mtu aliyepanda mlima kwa pikipiki akiwa na hati zake mkononi. Mwenye papeteri huyo ndiye anayeumia zaidi anapopewa ushauri ninaoupinga katika sura hii yote: "Dada, hii mashine ina virusi. Tupige Windows."

Tuchukue papeteri ya kubuni, yenye vitu ambavyo utavikuta katika nyingi za kweli. Kompyuta ni ya mtumba, RAM yake GB 4. Kivinjari ni Chrome. Ndani ya kivinjari hicho vimejikusanya viendelezi kumi na viwili: cha kugeuza PDF kuwa Word, cha kupiga picha ukurasa mzima, cha kupakua video, viwili vya kuzuia matangazo, cha kutafsiri, cha VPN, cha kutuma ujumbe mmoja wa WhatsApp kwa watu wengi, kimoja kilicholetwa na programu ya kinga ya virusi, na vingine vitatu ambavyo mwenye duka hakumbuki viliingiaje. Kila kimoja kilikuwa na siku yake. Mteja alitaka PDF iwe Word, kiendelezi kikatafutwa, kazi ikaisha, mteja akalipa akaondoka. Kiendelezi kikabaki.

Jumatatu moja kivinjari kinaanza kujifunga. Fundi anaitwa. Hafungui hata ukurasa wa viendelezi. Anaondoka na mashine, anafuta diski, anapiga Windows upya. Siku ya kazi imekwenda, na barua za wateja zilizokuwa kwenye mashine zimekwenda nayo. Jioni kompyuta inarudi ikiwa nyepesi kabisa. Mwenye duka anaingia kwenye akaunti yake ya Google, na hapo linatokea jambo ambalo hakuambiwa: kama usawazishaji umewashwa, Chrome huvirudisha viendelezi kutoka kwenye akaunti, kikiwemo chenye kasoro. Firefox nayo hufanya vivyo hivyo kwa mwenye akaunti yake. Keshoye kivinjari kinajifunga tena palepale, na safari hii fundi anasema kompyuta imechoka, inunuliwe nyingine.

Mtu huyu amelipa, amepoteza kazi za watu, na ugonjwa ameurudisha kwa mkono wake mwenyewe. Kuuzuia mlolongo huo kunahitaji dakika chache na maarifa ambayo hayana ugumu wowote.

*

Kiendelezi ni programu ndogo iliyoandikwa na mtu au kampuni nyingine, si wale waliotengeneza kivinjari, nayo hufanya kazi ndani ya kivinjari kwa ruhusa uliyoitoa siku ulipokiongeza. Vingi huomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote. Maana yake ni kwamba kila ukurasa unapofunguka, kiendelezi kinapenyeza msimbo wake humo: kinatafuta namba, kinaficha picha, kinaongeza kitufe. Viwili vya kuzuia matangazo vikikutana kwenye ukurasa mmoja, kimoja huondoa kipande ambacho cha pili bado kinakishughulikia. Kivinjari nacho hubadilika kila baada ya wiki chache. Mwandishi wa kiendelezi akiacha kukihudumia, siku inafika ambapo kivinjari kimesonga mbele na kiendelezi kimebaki kikiita milango isiyokuwepo tena.

Zamani hali ilikuwa mbaya kuliko sasa. Firefox 1.0 ilipotoka Novemba 2004, moja ya sababu za watu kuipenda ilikuwa wingi wa viendelezi vyake, na viendelezi hivyo viliweza kugusa karibu kila sehemu ya kivinjari kwa sababu vilikaa ndani ya mchakato mmoja nacho. Kosa la kiendelezi likawa kosa la kivinjari kizima. Kisa cha Januari 2011 kinafaa kukumbukwa. Enzi hizo Skype ndiyo iliyomuunganisha Mwafrika Mashariki aliyeko ng'ambo na nyumbani, na pamoja nayo ilikuja zana iliyoitwa Skype Toolbar. Kazi yake ilikuwa kusoma kila ukurasa, kutafuta namba za simu, na kuzigeuza vitufe vya kupigia. Mozilla, watengenezaji wa Firefox, walieleza kuwa zana hiyo ilihusika katika kuanguka kwa Firefox karibu mara 40,000 ndani ya wiki moja, na kwamba baadhi ya matoleo yake yaliweza kuifanya kazi ya kupanga vipande vya ukurasa iwe nzito hadi mara 300. Wakaizima, huku wakimwachia mtumiaji uhuru wa kuiwasha tena akitaka.

Fikiria aliyekuwa akiitumia wiki hiyo. Anachokiona ni Firefox inajifunga. Analaumu Firefox, analaumu intaneti, analaumu kompyuta. Skype hailaumu, kwa sababu Skype yenyewe inafanya kazi vizuri. Mtuhumiwa wa kweli ni wa mwisho kutajwa, na hadi leo katika papeteri za Kigali ndivyo inavyokuwa.

Mwaka huohuo, kuanzia Juni, Firefox ilianza kutoa toleo jipya kila wiki sita. Viendelezi vya wakati ule vilitaja toleo la juu kabisa vinaloliweza, kwa hiyo kila mara kivinjari kilipojisasisha, baadhi vilizimwa papo hapo ingawa havikuwa na kasoro yoyote. Tatizo hilo lilipungua Firefox 10 ilipokuja Januari 2012 na kuvichukulia viendelezi vingi kuwa vinafaa hadi ithibitike vinginevyo. Mabadiliko makubwa yalikuja 14 Novemba 2017. Firefox 57 iliacha kabisa mfumo wa zamani na kukubali tu viendelezi vya mfumo mpya unaofanana na wa Chrome. Waliotumia intaneti ya kusuasua walipoteza rafiki siku hiyo: DownThemAll, kiendelezi kilichoweza kupakua faili kubwa vipande vipande na kuendelea pale mtandao ulipokatika. Kwa eneo letu, ambalo nyaya za baharini ziliifikia pwani yake kuanzia 2009 tu, na nchi za bara kama Rwanda zikangoja nyaya za nchi kavu zizifikishie mtandao, zana ya aina hiyo haikuwa anasa. DownThemAll ilirudi 2019 ikiwa imeandikwa upya, na baadhi ya uwezo wake wa zamani haukurudi nayo.

Usiku wa kuamkia 4 Mei 2019 lilitokea jingine lenye funzo kubwa zaidi kwa mafundi. Cheti cha kidijitali ambacho Firefox hukitumia kuthibitisha viendelezi kilifika mwisho wa muda wake. Duniani kote, viendelezi vya watu vikaanza kuzimwa kimoja baada ya kingine kana kwamba vyote vimeharibika. Mozilla wakatoa marekebisho siku chache zilizofuata, lakini kwanza waliwaomba watumiaji jambo moja: msiviondoe wala kuvipakia upya, kwa sababu kiendelezi kikiondolewa, data yake hufutika pamoja nacho. Wengi wa waliotulia walirudishiwa viendelezi vyao. Waliokimbilia kufuta walipoteza mipangilio yao kwa tatizo ambalo halikuwa la mashine zao hata kidogo.

*

Vivinjari vya leo vimejengwa tofauti. Chrome ilipozinduliwa Septemba 2008, ilikuja na wazo la kutenganisha kazi: kichupo kina mchakato wake, na viendelezi vilipoongezwa navyo vikapewa michakato yao. Firefox ilianza kuifuata njia hiyo kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2016. Kwa hiyo kiendelezi kibovu siku hizi ni nadra kukiangusha kivinjari kizima peke yake. Nalisema hili wazi kwa sababu kuna fundi wa aina ya pili, aliyesoma kidogo, ambaye kila tatizo analitupia viendelezi.

Angalia kwanza ni nini hasa kinachokufa. Kama ni kichupo kimoja, kikakuonyesha kile kikatuni cha faili lenye uso wa huzuni huku vingine vikiendelea, basi kuna kitu kinachokosana na ukurasa huo, au kumbukumbu imekwisha. Kwenye mashine ya GB 4, viendelezi kumi na viwili, WhatsApp Web na vichupo kadhaa vya fomu vinatosha kuimaliza RAM bila kosa la yeyote. Kama kivinjari kinaganda kwa sekunde kadhaa kisha kinazinduka, shuku kiendelezi kinachochakata kila ukurasa. Lakini kama kivinjari kizima kinatoweka kwenye skrini bila neno, washuku pia walio nje ya kivinjari: programu ya kinga ya virusi, programu ya kurekodi skrini, au dereva wa kadi ya michoro.

Hao wa nje hawasemwi vya kutosha. Kwenye Windows, programu nyingine zina tabia ya kupenyeza msimbo wao ndani ya kivinjari bila kupitia mlango wa viendelezi. Mwishoni mwa 2017 Google ilieleza kuwa karibu theluthi mbili ya watumiaji wa Chrome kwenye Windows wana programu za namna hiyo, na kwamba wenye programu zinazopenyeza msimbo wana uwezekano wa asilimia 15 zaidi wa kivinjari chao kuanguka. Ikaanza kuzizuia hatua kwa hatua mwaka uliofuata. Kompyuta yenye programu mbili za kinga ya virusi, moja iliyokuja na mashine na nyingine iliyowekwa na fundi, haina ulinzi maradufu. Ina walinzi wawili wanaovutana juu ya kila faili.

*

Sasa kazi yenyewe. Kabla hujagusa chochote, uliza na uandike: imeanza lini, inatokea kwenye ukurasa gani, na ni nini kilichoongezwa au kujisasisha siku za karibuni. Jibu la swali la mwisho mara nyingi ndilo jibu lote.

Kisha fungua dirisha fiche kwa kubonyeza Ctrl, Shift na N pamoja. Humo Chrome haiwashi viendelezi isipokuwa vile ulivyoviruhusu wewe mwenyewe. Rudia kazi ileile iliyokuwa ikileta tatizo: ukurasa uleule, ukiwa umeingia kwenye akaunti ileile, na faili lilelile la kupakia. Kufungua ukurasa mwingine wowote na kusema "mbona kimetulia" si jaribio. Kwenye Firefox, shikilia kitufe cha Shift unapoifungua, itakuuliza kama unataka kuianzisha katika hali ya utatuzi, ambayo huzima viendelezi vyote kwa muda bila kufuta chochote.

Dirisha fiche lina upungufu, kwa sababu linaanza pia bila vidakuzi vyako vya kawaida. Nikiwa na muda, napendelea kutengeneza wasifu mpya ndani ya Chrome na kufanyia kazi humo bila kuingia akaunti yoyote. Ni kama kupiga Windows upya, ila kwa kivinjari tu, bila kupoteza hata herufi moja ya mteja. Kivinjari kikiendelea kujifunga hata kwenye wasifu huo mtupu, achana na viendelezi. Nenda kwenye Mipangilio, sehemu ya Mfumo, uzime matumizi ya kadi ya michoro, ujaribu tena. Kisha tazama kinga ya virusi, kisha RAM. Kwenye Firefox, andika about:crashes mahali pa anwani upate orodha ya mianguko iliyorekodiwa. Ndani ya ripoti, jina la faili lenye mwisho wa .dll ambalo si la Firefox wala la Windows ni dalili nzuri ya mgeni aliyepenyezwa.

Kikitulia kwenye wasifu mtupu, mkosaji yumo kwenye orodha ya viendelezi, na kumpata ni hesabu tu. Andika chrome://extensions mahali pa anwani, au edge://extensions kama unatumia Edge. Viko kumi na viwili, zima sita. Usiondoe, zima tu. Kivinjari kikitulia, mkosaji yuko kati ya sita ulivyovizima. Kikijifunga, yuko kati ya vilivyobaki. Chukua nusu hiyo, uigawe tena. Kumi na viwili vinakuwa sita, sita vinakuwa vitatu, na kwa raundi nne hivi umemfikia mmoja. Anayezima kimoja kimoja anaweza kuhitaji raundi kumi na mbili, na katikati atachoka apige simu kwa yule fundi.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni wa muda. Kama kivinjari kilikuwa kinajifunga kila baada ya saa mbili, kukitazama kwa dakika kumi na kutangaza ushindi ni kujidanganya. Kila raundi ipewe muda unaozidi ule ambao tatizo huchukua kujitokeza, na kazi za kawaida ziendelee. Hilo ni zuri kwa papeteri, kwa sababu uchunguzi hausimamishi huduma: viendelezi sita vikiwa vimezimwa, wateja bado wanahudumiwa.

Mtego wa pili ni wa viendelezi visivyopatana. Unazima nusu ya kwanza, kimya. Unaiwasha, unazima nusu ya pili, kimya tena. Wengi hapo huona miujiza. Maana yake ni kwamba hakuna mmoja mwenye kosa peke yake. Wako wawili, kila mmoja katika nusu yake, na hawawezi kukaa pamoja. Acha nusu ya kwanza yote ikiwa imewashwa, ongeza vya nusu ya pili kimoja kimoja, hadi kivinjari kianguke. Umempata wa kwanza. Wa pili mara nyingi hufanya kazi ileile: kizuia matangazo na kizuia matangazo, kinga na kinga, VPN na VPN. Anza kuwashuku hao kabla ya wengine wote.

Msaada mwingine ulio karibu ambao hautumiwi: ndani ya Chrome, bonyeza Shift na Esc. Kitafunguka kidhibiti cha shughuli kinachoonyesha kila kichupo na kila kiendelezi kinakula kumbukumbu kiasi gani. Panga orodha kwa kumbukumbu, kubwa juu. Kwenye mashine ndogo, hapo pekee panaweza kumaliza shauri.

Ukimpata mkosaji, angalia kwanza kama ana toleo jipya. Kama ana mipangilio unayoithamini, ihifadhi kwa kuitoa kama faili ikiwa anaruhusu. Ndipo umwondoe, ukiwa ndani ya akaunti yako na usawazishaji ukiwa umewashwa, ili uondoaji huo ufike hadi kwenye akaunti asirudi tena. Hatua hii ndiyo iliyokosekana kwenye mfano wetu.

*

Kuna sababu nyingine ya kuipunguza orodha ile, hata kama kivinjari hakijawahi kujifunga. The Great Suspender kilikuwa kiendelezi cha kuwasaidia hasa wenye mashine ndogo: kilivilaza vichupo visivyotumika ili kuokoa RAM, na watumiaji wake walikuwa takriban milioni mbili. Katikati ya 2020 mtengenezaji wake alikiuza kwa mtu asiyejulikana. Februari 2021 Google ilikiondoa na kukizima kwa sababu kilikuwa na msimbo wenye madhara, na vichupo vya watu vilivyokuwa vimelazwa vikatoweka ghafla. Waliokiweka kwa nia njema hawakuwa wamekosea chochote. Kilichobadilika ni mwenye nacho, na hakuna aliyewaambia.

Papeteri ya Rebero huandika namba za vitambulisho vya watu, namba za simu, majina ya wazazi wao. Kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma kurasa zote kinaweza kuyaona hayo yote. Rwanda ina sheria ya kulinda data binafsi tangu Oktoba 2021, lakini sheria haiingii kwenye kivinjari cha mtu kumzimia kiendelezi. Hilo ni la mwenye duka.

Mwaka 2024 Chrome ilianza kuvizima viendelezi vya mfumo wake wa zamani, kikiwemo uBlock Origin kilichopendwa na wengi kwa kuzuia matangazo. Wengi wamefungua kivinjari wakakuta ilani kwamba kiendelezi chao hakitumiki tena. Hapo usikimbilie cha kwanza chenye jina linalofanana. Mtengenezaji wa uBlock Origin ametoa uBlock Origin Lite kwa mfumo mpya. Kwa vingine, soma jina la mtengenezaji na tarehe ya kusasishwa mwisho, na kama hakijaguswa kwa miaka, kipite.

Fundi mwenzangu, mteja akikuletea mashine na kusema browser inajifunga, kaa naye dakika tano mbele ya chrome://extensions kabla ya kutoa flashi yenye Windows. Mtoze pesa ya ujuzi wako, ni haki yako, hata kama kazi imekuwa ya kuzima kitufe kimoja. Nawe mwenye papeteri, fundi akikuambia tupige Windows, muulize kama amejaribu wasifu mtupu, na asipokujibu, usimpe mashine.